Gari lililolala ubavu milimani Kondoa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Majina ya watu, ya kijiji na ya taasisi nimeyaondoa, na mwaka sikuutaja. Nilichobakiza ni ardhi, gari, mzigo, saa na maamuzi. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa magari katika kituo chetu cha Dodoma, na ruhusa ya safari ile ilitoka mezani kwangu. Hakuna aliyekufa. Nawaandikia madereva, na zaidi nawaandikia wale wanaowatuma madereva, kwa sababu kila nikiipitia safari ile hatua kwa hatua naona kwamba gari lilianza kupinduka likiwa bado limesimama uani, linapakiwa.

Ardhi yenyewe

Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa siku hizi ni lami tupu. Kazi huanza ukiiacha lami na kupanda milima ya Irangi. Udongo wa huko ni mwekundu, wenye mchanga mwingi, na maji yameuchana miaka mingi hadi ukawa makorongo. Uharibifu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule tunaouita HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi ili nyasi na miti virudi.

Vimerudi kweli, na ni jambo la kushukuru. Ila dereva anapaswa kujua maana yake kwake. Makorongo mengi ya zamani leo yamefunikwa na vichaka. Kingo zake zimeliwa na maji kwa chini, hivyo juu unaona majani mazuri na chini yake ni pango. Wakati wa kifuku, kati ya Desemba na Aprili, mvua si ya siku nyingi lakini ikinyesha inanyesha kwa kishindo, na njia uliyopita jana kesho huikuti. Ikifika Machi nyasi zimefika kiunoni. Mashimo ya muhanga na vichuguu vidogo vyote viko humo ndani, na kutoka kwenye kiti cha dereva huoni hata kimoja.

Safari yetu ilikuwa Machi.

Gari, watu na mzigo

Lilikuwa gari refu la dizeli, lile ambalo mtaani tunaliita mkonga: viti viwili mbele, na nyuma mabenchi mawili ya kuelekeana. Lilikuwa zima. Breki, springi, shokapu na usukani vilikaguliwa wiki hiyohiyo, na baada ya ajali fundi hakukuta kitu kilichokatika kabla. Nalisema hili mapema kwa sababu swali la kwanza tuliloulizwa na kila mtu lilikuwa "gari lilikuwa na nini?" Gari halikuwa na kitu.

Ndani walikuwemo watu sita: dereva, kiongozi wa safari, wauguzi wawili, mtunza chanjo na karani wa takwimu. Walikuwa kwenye huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata akina mama na watoto huko waliko, na hiyo ilikuwa siku ya pili. Dereva alikuwa na zaidi ya miaka 15 barabarani, mtu makini, hanywi, hakimbii. Lakini miaka yake mingi ilikuwa ya lami na moramu. Milima ya namna ile aliifahamu kwa kupita tu, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Makasha baridi ya chanjo, mizani, meza na vitabu vilijaza sakafu ya nyuma. Maji ya kunywa na ya kunawa yalikuwa madumu 10 ya lita 20, maana kisima cha kijiji kile maji yake ni ya chumvi. Jioni kabla ya kuondoka Dodoma dereva alinipigia simu.

"Bosi, ndani pamejaa. Maji tuyaweke juu?"

"Weka juu, funga kamba vizuri," nikamjibu.

Nilifikiria kamba. Sikufikiria urefu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nilikuwa nimeruhusu kilo 200 zikae kwenye keria, zaidi ya mita mbili kutoka ardhini. Siku ya kwanza walitumia sehemu ya maji, na asubuhi ya pili madumu manne yalikuwa nusu. Dumu lililojaa limetulia, ila la nusu maji yake yanakimbilia upande gari linakoinamia.

Asubuhi ya siku ya pili

Saa 12 na nusu waliondoka Kondoa mjini. Saa 2 wakafika mto wa mchanga. Dereva akashuka, akapunguza upepo wa matairi kutoka paundi 38 hadi 18, akaweka fowili, magurudumu yote manne yavute, akavuka bila kukwama. Hapo alifanya kazi nzuri. Tairi laini hutandaza mguu wake juu ya mchanga na kuelea.

Ng'ambo ilipaswa upepo urudishwe. Pampu ndogo ya umeme waliyokuwa nayo ingechukua kama dakika 25 kwa matairi yote manne. Kiongozi wa safari akatazama saa, akasema watajaza wakifika. Akina mama walikuwa wameambiwa saa 4, na wengine wao hutembea tangu alfajiri wakiwa na watoto mgongoni. Haraka ile haikuwa ya uzembe. Ilikuwa ya kuwahurumia watu. Huruma hiyohiyo ndiyo iliyowafanya waendelee na matairi ya paundi 18.

Saa 3 kasoro robo wakakuta njia imekatika. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha ukingo wa korongo, na palipokuwa pa kuvukia pakawa ukuta wa udongo wa zaidi ya mita moja na nusu. Upande wa kulia mlima ulipanda, na juu kidogo nyasi zilionyesha alama za matairi zikiukata mlima kwa ubavu, kama mita 120 hivi, hadi mahali korongo linapokuwa dogo. Mzee mmoja alikuwa akichunga mbuzi pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu."

"Magari yanapita huku juu?"

"Trekta lilipita, kiangazi. Gari kama lenu sijaliona."

Jibu hilo lilikuwa na kila walichohitaji kujua, lakini wao walilisikia kama ruhusa. Alama za matairi ya mwenzako hazikuambii uzito wake ulikaa wapi, wala ardhi ilikuwa kavu kiasi gani siku aliyopita.

Walikuwa na njia nne. Kurudi na kuzungukia upande mwingine, saa mbili na nusu zaidi. Kuchonga ukingo wa korongo kwa jembe na sepetu, saa moja au zaidi. Kuacha gari na kubeba makasha kwa mabega, kilomita tatu. Au kukata ubavuni, mita 120. Majadiliano hayakufika dakika tano. Habari ya kubeba kwa mabega ilitajwa na mtunza chanjo, ikapita bila kujibiwa.

Muuguzi mmoja akafungua mlango wa nyuma. "Kaka, nisamehe, huko siendi nimekaa ndani. Nitatembea." Mwenzake akamfuata. Wakaanza kushuka kwenye kinjia cha ng'ombe kilichopita chini ya ule ubavu. Yule mzee akawapigia kelele: "Hapana! Njooni huku juu! Likiporomoka litawafuata huko!" Wakapanda, wakapita juu.

Wengine wanne wakabaki garini. Hakuna aliyetembea mbele ya gari kukagua nyasi.

Mita 70

Dereva aliingia kwa gia nzito, mwendo wa kutembea haraka, kama kilomita 8 kwa saa. Mlima ulikuwa kulia kwake. Baadaye tuliupima ule ubavu, ukawa na mwinamo wa nyuzi 22.

Kama mita 70 ndani, tairi la mbele la kulia lilipanda kichuguu cha sentimita 15 hivi. Wakati huohuo tairi la nyuma la kushoto, la upande wa bonde, likazama kwenye shimo la muhanga lenye kina cha sentimita 25. Gari likainamia bondeni. Dereva alifanya kile ambacho mwili wa kila binadamu unataka kufanya: akakata usukani kuelekea mlimani na kukanyaga breki.

Aliniambia hivi: "Niliona kama bonde linanivuta, nikalikimbia."

Madumu yakasogea, kamba zikashika, maji yakakimbilia kushoto. Gari likalala ubavu wa kushoto, likaendelea kuviringika, na keria ikagota kwenye shina la mgunga. Mti ule ndio uliolisimamisha. Chini yake palibaki mita tisa hadi kwenye korongo.

Baada ya gari kulala

Dereva alizima injini kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Yeye alikuwa upande wa juu, ananing'inia kwenye mkanda juu ya kiongozi wa safari. Hakuufungua. Alimsubiri kiongozi atoke kwanza kupitia kioo cha mbele kilichovunjika, akakaza miguu kwenye dashibodi, akashika usukani kwa mkono mmoja, ndipo akafungua mkanda kwa mwingine. Watu wengi hutoka salama kwenye kupinduka kwenyewe, kisha wanaumia kwa kufungua mkanda wakiwa kichwa chini. Hilo alikuwa ameliona kwenye ajali ya mtu mwingine miaka ya nyuma, akalikumbuka.

Nyuma hali ilikuwa mbaya zaidi. Karani na mtunza chanjo hawakuwa wamefunga mikanda. Mtunza chanjo alikuwa benchi la kulia; aliangukia juu ya karani, na kasha moja likawafuata. Karani alivunjika mtulinga. Pale walipokuwa wameketi wauguzi dakika kumi kabla, tulikuta kasha la pili na mizani ya chuma vimelala.

Wauguzi walimfunga karani mkono kwa kanga. Mmoja akapanda kilima kutafuta mtandao, dakika 20. Sisi Dodoma tulikuwa tumekubaliana nao kupigiwa saa 12 jioni, na kama wote wangeumia pasingekuwa na mtu wa kuuliza kabla ya giza.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachonikaa moyoni kuliko ajali yenyewe. Yule mzee alituma kijana kijijini. Wakaja watu kama 15. Makasha yalifunguliwa mara moja tu kusoma kipimajoto, chanjo zilikuwa bado kati ya nyuzijoto 2 na 8, yakafungwa, yakabebwa mabegani. Dakika 50 wakawa wamefika. Kliniki ilianza saa 8 mchana na akina mama wengi walikuwa bado wanasubiri chini ya mbuyu. Karani alitembea kwa miguu yake hadi ng'ambo, akapelekwa zahanati na kisha hospitali mjini. Alirudi kazini baada ya wiki kumi.

Yaani ile njia ya tatu, iliyotajwa ikapita bila kujibiwa, ndiyo waliyoitumia mwishoni, wakiwa na majeruhi.

Kulinyanyua

Nilifika kesho yake na gari la pili. Tulitoa nyaya za betri kwanza, tukaondoa kila kilichokuwa kwenye keria. Winchi ilivuta kutoka upande wa juu, na kamba ya pili tuliizungusha kwenye mti wa upande wa pili, ikalegezwa kidogo kidogo na watu wanne, ili gari likipita kati lisianguke kwa kishindo na kuendelea kuviringika. Watu wote walikaa mbali na waya wa winchi, zaidi ya urefu wake.

Liliposimama kwa matairi yake, vijana walitaka liwashwe palepale. Tulikataa. Injini iliyolala ubavu au kichwa chini oili yake huweza kuingia juu ya pistoni, na oili haibanwi kama hewa. Ukiiwasha, konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Fundi alitoa nozeli zote nne, akazungusha injini kwa stata. Kwenye mbili oili iliruka kama maji ya bomba. Saa moja ya subira ile iliokoa injini nzima.

Hesabu ya nyuzi

Nimefanya hesabu hii mara nyingi mbele ya madereva, kwa chaki ubaoni, na inaeleweka hata kwa asiyependa hesabu. Vipimo ni makadirio ya gari la umbo lile.

Gari hupinduka pale kitovu cha uzito wake, yaani nukta ambayo uzito wote ni kama umekaa hapo, kinapovuka mstari wa matairi ya upande wa chini. Chukua upana wa mita 1.45 kati ya tairi la kushoto na la kulia. Nusu yake ni mita 0.725. Gari tupu la kilo 2,300 kitovu chake kiko kama mita 0.75 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya karatasini litapinduka kwenye mwinamo wa nyuzi 44. Weka kilo 200 za maji kwenye keria na watu wenye kilo 450 kwenye viti: kitovu kinapanda hadi karibu mita 0.9 na mpaka unashuka hadi nyuzi 39. Nyuzi tano zimeondoka, na gari halijatoka uani.

Sasa njoo kwenye ubavu. Mlima nyuzi 22. Dereva akatazama na kuona 22 iko mbali sana na 39, na macho yake hayakumdanganya. Lakini shimo la sentimita 25 kwenye upana ule linainamisha ekseli ya nyuma nyuzi karibu 10, na kichuguu cha sentimita 15 kinainamisha ya mbele karibu 6. Mwili wa gari uko katikati yao, hivyo weka 8. Tumefika 30. Springi za upande wa chini zinabonyea na za juu zinanyooka, na matairi ya paundi 18 yanalala kwenye mashavu yake: weka 5. Tumefika 35. Bado nyuzi nne.

Nyuzi nne hizo zililiwa na usukani. Gari likiwa na mwendo wa kilomita 8 kwa saa, ukikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 7, nguvu inayolisukuma nje ya kona ni sawa na kuliinamisha nyuzi 4 zaidi. Akikata kuelekea mlimani, nje ya kona ni bondeni. 35 na 4 ni 39. Na maji ya madumu manne ya nusu yalikuwa njiani kwenda hukohuko.

Angekata kuelekea bondeni, zile nyuzi 4 zingetolewa badala ya kuongezwa, na pua ya gari ingegeuka kuutazama mteremko, mahali ambapo gari lina urefu wa kulishikilia badala ya upana. Nawauliza madereva wote swali hili, na karibu wote wanajibu vibaya mara ya kwanza. Si ujinga. Mwili unakimbia bonde, na mkono unafuata mwili. Ndiyo maana kuambiwa hakutoshi. Mkono lazima uzoeshwe.

Maamuzi yaliyoshindwa

Kosa la keria ni langu, nimeshalisema. Yale madumu yangeweza kukaa sakafuni na meza nyepesi na vitabu vikaenda juu. Mpaka ungekuwa nyuzi 42 badala ya 39. Watu husema nyuzi tatu ni kidogo. Kwa gari lililokwenda kwa nyuzi 39 kamili, tatu ni safari nzima.

Upepo wa matairi unahitaji kusemwa kwa uangalifu, maana kuna madereva waliosikia "punguza upepo porini" wakaifanya sheria ya kila mahali. Kwenye mchanga ni sahihi. Kwenye ubavu wa mlima tairi laini linaongeza kulala kwa gari, na likisukumwa sana kwa pembeni linaweza kutoka kwenye rimu. Rimu ikishachomeka ardhini gari limepata pa kujikwaa. Mchanga ukiisha, rudisha upepo.

Kutembea mbele ya gari ndilo kosa ninaloliona kila mahali. Mtu mmoja mwenye fimbo, akipitisha mguu wake pale tairi la juu litakapopita na tena pale la chini litakapopita, angelikuta shimo lile kwa dakika mbili. Nyasi za Machi hazisomwi kwa macho. Mtu huyo atembee upande wa juu siku zote, na dereva akisimamishwa asimame.

Watu kubaki ndani. Walibaki kwa sababu kushuka kunaonekana kama kumdharau dereva. Kwetu heshima ina nguvu, na yule muuguzi alianza kwa kuomba msamaha. Tangu siku ile dereva ndiye anayewaamuru abiria kushuka, ili pasiwe na wa kumwomba mwingine radhi. Mikanda ya mabenchi ya nyuma ilikuwepo, imechomekwa chini ya viti, safi, haijawahi kutumika.

Na njia yenyewe. Mteremko mkali unashukwa au kupandwa moja kwa moja, pua ikiangalia juu au chini. Kuukata kwa ubavu ni chaguo la mwisho. Ukishindwa katikati ya kupanda, usigeuze: rudi nyuma moja kwa moja kwa gia ya kurudi nyuma, injini ikikushikilia. Hapa madereva huniuliza kuhusu makorongo, kwa kuwa wamefundishwa kuvuka mtaro kwa mshazari. Kwa mtaro mdogo ni kweli, mshazari kidogo huacha matairi matatu ardhini wakati la nne liko shimoni. Kwa korongo lenye kingo kali ni hatari, kwa kuwa mshazari huohuo unaugeuza ukingo kuwa ubavu. Korongo kubwa chonga kingo zake, ulivuke moja kwa moja, au usilivuke. Na ukiendesha kando yake, kaa mbali na ukingo angalau sawa na kina chake: korongo la mita tatu, mita tatu. Maji yameshakula chini, hata kama juu ni pagumu.

Yaliyosaidia

Yule mzee wa mbuzi aliokoa wauguzi wawili kwa sentensi moja. Dereva alikuwa amefunga mkanda, na kiongozi pia. Wote wawili walitoka na michubuko. Hakuna aliyetoa mkono dirishani kujaribu kulizuia gari, na dereva hakuruka, ingawa aliniambia wazo lilimjia. Anayeruka upande wa bonde gari humkuta. Injini ilizimwa mara moja huku dizeli ikidondoka. Na muuguzi aliyesema hapana aliisema mapema, gari likiwa bado limesimama.

Tulichobadilisha

Keria sasa inabeba mahema na vitu visivyozidi kile mtu mmoja anaweza kunyanyua kwa mikono yake. Maji yanakaa sakafuni, madumu yaliyopungua yanamiminwa kwenye mengine hadi yajae. Simu ya taarifa ni kila baada ya saa mbili, na pasipo na mtandao tunakubaliana kabla ni kilima kipi.

Kila gari lina fimbo ya mita moja na chupa ya maji iliyojaa nusu. Unaegemeza ncha moja ya fimbo upande wa juu wa mteremko, unailaza chupa juu yake, unainua ncha ya pili hadi maji yatulie sawa, kisha unapima pengo kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 27 ni nyuzi 15. Sentimita 36 ni nyuzi 20. Tumeweka kikomo chetu kwenye 27. Ubavu wa siku ile ulitoa pengo la sentimita 40.

Usukani tunaufanyia mazoezi kwenye kiwanja cha wazi nje ya mji, chenye mwinamo wa nyuzi 10, keria tupu, dereva peke yake ndani amefunga mkanda. Mkufunzi anasimama upande wa juu, anapiga filimbi bila kutarajiwa, na dereva anatakiwa kuachia mafuta taratibu na kuelekeza pua bondeni. Siku ya kwanza mikono mingi inaenda mlimani. Kufikia ya tatu inaanza kwenda yenyewe. Dereva wa kisa hiki ndiye anayepiga filimbi.

Kuhusu kijiji kile, tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji na akina mama wenyewe. Kliniki ya wakati wa kifuku sasa inafanyika upande huu wa korongo, chini ya mkwaju ulio jirani na njia. Akina mama wa ng'ambo wanavuka kwa miguu mahali korongo lilipo dogo, na wengi wao walituambia ndiko walikokuwa wakipita siku zote kwenda sokoni.